Mlamula Nilioung'oa

Jumatatu, 6 Julai 1953

Viboko tena kabla ya chai. Mwizi wa kahawa, kumi. Kazi yangu ni kuhesabu kwa sauti na kuandika daftarini. Cha saba kilichana ngozi, damu ikarukia kanzu ya tarishi. Sikufumba macho. Chuoni hawafundishi haya. Miezi minne ya mafunzo kwa vitendo imebaki katika baraza hili la kuamua kesi, kisha mtihani, kisha cheti cha sheria. Baba ameshawatangazia watu wote wa kanisani kwetu Muleba.

Mchana, Tibenda dhidi ya Kahigi, majirani wa Ihembe. Tibenda anadai Kahigi amesogeza milamula, ile miti myembamba ya mpaka, akala hatua mbili za kibanja chake cha migomba. Walirukiana mbele ya meza. Jino la Tibenda lilianguka sakafuni. Mwamuzi Kaijage amenituma nikakague mpaka. Peke yangu! Kichwa kimenivimba, nakiri.

Jumatano, 8 Julai

Baiskeli hadi Ihembe. Vumbi mpaka kwenye meno.

Kitabu cha sheria kinasema kitu kinachoonekana kina nguvu kuliko maneno ya mdomo. Basi nimeng'oa mlamula wa katikati. Mizizi mifupi, myeupe, ya juzi tu. Kahigi mwongo! Nimeufunga nyuma ya baiskeli na kuubandika karatasi: Kielelezo A.

Mtoto yeyote wa kwetu anajua mlamula hauguswi mpaka majirani wote wawili wasimame hapo, na wazee wa koo zao. Hata mimi nilijua. Lakini nilitaka mwamuzi aone kwamba nimesoma.

Kahigi hakupiga kelele. Alisema, “Waitu, bwana karani, umeng'oa. Sasa mpaka uko wapi?” Nikamjibu, “Mpaka uko barazani.” Tibenda alicheka hadi akakaa chini. Nilijiona mjanja sana.

Ijumaa, 10 Julai

Tibenda amekufa.

Jana asubuhi alipita kwenye pengo nililoliacha, akaingia ndani kabisa kwa Kahigi na kukata migomba minne, hata ule ulio juu ya kaburi la mama yake Kahigi. Alikuwa akiimba: mpaka uko barazani. Maneno yangu. Kahigi akatoka na muhoro, mundu wa migombani.

Nilitumwa kuandika majeraha. Mkono wa kulia umekatika kwenye kiwiko. Shingo imeshikiliwa na ngozi ya upande mmoja. Nzi. Nilitapika kwenye mibuni, nikarudi, nikaendelea kuandika. Ndugu za Tibenda walikuwa wameshachoma nyumba ya Kahigi, wakamvunja mbavu na kumkata sikio kabla askari hawajafika.

Mke wa Kahigi, Kokugonza, alikaa kwenye majivu. Aliniambia mlamula wa zamani uliliwa na mchwa mwaka jana, wakapanda mwingine kwenye shimo lile lile, na Tibenda mwenyewe alisimama hapo akiangalia. Ndiyo maana mizizi ilikuwa mifupi. Mimi sikuwa nimemuuliza mtu.

Jumapili, 12 Julai

Sikwenda kanisani. Nilikwenda mahabusu kuchukua maelezo. Kahigi hakujibu swali hata moja. Aliuliza lake lile lile, mpaka uko wapi. Nikampiga. Ngumi mbili za uso, mtu mwenye pingu na mbavu zilizovunjika. Vidole vyangu vimevimba. Najichukia.

Nimefungua kitabu. Anayeua kwa kusudi hunyongwa. Aliyechokozwa kupita kiasi, akaua hasira ingali imempanda, haendi kwenye kamba. Lakini ndugu za Tibenda wanaapa aliuawa akiwa ndani ya kibanja chake, kwamba hakuvuka popote. Shimo la mlamula wamelifukia. Migomba iliyokatwa wameing'oa na visiki. Mlamula wenyewe umo stoo ya baraza, na mtu asiye na upande anayejua uliposimama ni mimi tu.

Jumatatu, 13 Julai

Mwamuzi Kaijage alisoma maelezo yangu, akachana ukurasa wa pili. “Mwanangu, andika tu kwamba ulikagua ukarudi. Mlamula ameung'oa marehemu. Hayo mengine yatakumaliza.” Si mtu mbaya. Ananihurumia. Anajihurumia pia, maana ndiye aliyenituma.

Kesho anakuja bwana shauri, Mzungu wa wilaya, kutoka Bukoba. Nikisema kweli, chuo basi. Nikinyamaza, Kahigi ananyongwa na mimi napewa cheti.

Nakitaka kile cheti. Nakitaka sana.

Jumanne, 14 Julai

Nimesema. Yote. Mlamula, maneno yangu, hata zile ngumi. Bwana shauri aliandika bila kuinua kichwa. Kaijage alitazama dirishani.

Nje walikuwa wananisubiri ndugu za Tibenda. Mpini wa jembe mdomoni, kisha mateke. Meno mawili yametoka. Tarishi ndiye aliyeniburuta ndani. Barua ya kuniondoa chuoni imeandikwa leo leo, na aliyeipiga chapa ni karani niliyekuwa nikimcheka kwa makosa yake ya tahajia. Nitamwambiaje baba?

Jumamosi, 14 Novemba

Mvua zimeanza. Habari imefika kutoka Bukoba: Kahigi hatanyongwa. Miaka kumi jela.

Wazee waliniita Ihembe. Kokugonza alisimama upande huu, mjane wa Tibenda upande ule. Niliwaamkia shikamoo, akaitikia mzee mmoja tu. Wakaniambia nionyeshe mahali. Nikahesabu hatua kutoka kwenye kaburi la mama yake Kahigi, nikaonyesha. Nilishika mlamula mpya wima wakati wakifukia. Kokugonza akakanyaga udongo, kisha mjane akakanyaga upande wake.

Walipomaliza niliuachia. Ulisimama. Nikanawa mikono, nikaanza kurudi kwa miguu.