Matofali Thelathini kwa Mfuko

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na unatembea bila kushika ukuta. Sisi huku wazima, watoto wanakula kama wanalipwa mshahara. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka.

Uliuliza kwa nini nimemsema mdogo wangu mbele ya wateja. Ni kweli nimemsema, na sijutii. Mfuko mmoja wa saruji unatoa matofali thelathini. Hiyo ndiyo hesabu yangu kwa miaka kumi na moja, tangu nina kalibu moja ya mbao na koleo la kuazima, mpaka leo nina mashine mbili na wafyatuaji sita. Mtaani wananiita Thelathini. Wengine hata jina langu hawalijui. Mwanao huyo kafungua uwanja wake barabara ya pili, na mfuko huo huo kwake unatoa hamsini. Yakiwa bado mabichi anayapaka saruji kidogo kwa juu, yanakauka na sura nzuri kuliko yangu. Bei yake ya chini, na pikapu keshanunua. Wateja wangu watatu wamehamia kwake. Mmoja alinipungia mkono akipita.

Watu husema mdanganyifu ni mvivu. Si kweli. Mdogo wangu huamka kabla yangu. Nimelifikiria sana jambo hili nikimwagilia matofali, maana mimi huyamwagilia siku saba ndipo niyauze, yeye anauza siku ya pili. Faida yake inaingia leo, ufa unatokea baada ya miaka mingi, na mwenye nyumba atamlaumu fundi, au mvua. Hakuna anayerudi na kipande cha tofali mkononi kuuliza nani alilifyatua. Ndiyo maana wanaichagua njia ile, Mama. Kazi halali haiwachoshi. Ni kwamba wanajua hawatakuwepo ukuta ukipasuka.

Basi mwezi uliopita nilimfuata uwanjani kwake. Nilichukua tofali lake moja, nikaliachia kutoka usawa wa kiuno, likamwagika kama unga. Wateja wawili waliokuwa wanachagua matofali waligeuka kutazama, wafyatuaji wake wakaangalia pembeni. Nikamwambia aone haya, mtu mwenye mama. Hakukasirika. Alijifuta mikono, akasema taratibu, "Dada, koleo nilikuwa nashika mimi. Umesahau arobaini na nane?"

Sikusahau. Niliposema miaka kumi na moja, toa wiki mbili. Mwaka wangu wa kwanza saruji ilipanda bei, nikafyatua arobaini na nane kwa mfuko, yeye akichanganya. Yalipokauka niliona haya kumuuzia mtu. Nikakuletea wewe. Ndiyo ukuta wa nyuma wa chumba unacholala. Ulilia kwa furaha, ukawaita majirani waje kuuona. Nikajiambia hujanilipa kitu, kwa hiyo sijakuibia. Sijawahi kupiga hesabu mbovu kuliko hiyo, na mdogo wangu alikuwa pembeni anajifunza.

Hamisha kitanda leo hii, ulale chumba cha mbele. Ukuta ule unakula matofali mia na hamsini na nane. Nimefyatua mia na themanini kwa mkono wangu, mifuko sita, yamekunywa maji siku zote saba. Jumamosi nakuja na fundi. Pikapu nilimwomba mdogo wangu. Alicheka, akauliza ni mteja gani huyo mwenye haraka. Nilipomtajia chumba chako akasema nauli hataki, na ukuta wa zamani ataubomoa yeye. Jana alikuja uwanjani kwangu, akayagonganisha mawili, akasikiliza mlio, maana tofali imara hulia kama kengele, akayarudisha mahali pake, akaondoka.

Nisalimie majirani wote, hata wale waliousifu ukuta. Na usinisamehe kwa barua. Ngoja tushushe mzigo, uchague mawili mwenyewe, uyagonganishe. Yakilia sawasawa, ndipo tukae tuongee.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Thelathini