Neno "Preferable" Mbele ya Daktari

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, mtaa wetu wa Woolwich wote umelowa, nami sina hamu ya kuongea na mtu.

Mimi ni Mchina. Kiswahili nilikipatia Dar es Salaam, dukani kwa wazazi wangu, kisha nikaolewa nacho. Kiingereza ndicho kimenigomea. Hapa London, iwe benki, shuleni au hospitali, mume wangu, Baba Neema, ndiye mdomo wangu.

Wiki hii darasa la Kiingereza tumefundishwa kulinganisha vitu kwa neno "preferable", la kusema kipi ni bora. Kichina unaweka "bi" katikati, basi. Kiswahili unasema bora kuliko, umemaliza. Hili la Kiingereza halitaki "more" mbele wala "than" nyuma. Linataka "to". Nimelirudia jikoni mpaka binti yetu akafunga mlango wa chumba chake.

Leo tulikwenda hospitali kwa ajili ya uvimbe kwenye kizazi changu. Daktari alieleza mengi, mume wangu akanitafsiria machache. Kisha daktari akanitazama mimi, akauliza ninachotaka.

Akajibu Baba Neema: vidonge ni "preferable to" upasuaji.

Nikalisikia.

Nyumbani nilikuwa nimemwambia wazi nataka upasuaji. Hedhi inanimaliza, sina nguvu hata ya kupanda ngazi. Najua anaogopa; dada yake alifia chumba cha upasuaji. Lakini mwili ni wangu.

"No," nikasema. "Operation more preferable than tablets. I want."

Nilikosea kila nilichoonywa. Daktari akaweka kalamu chini, akampigia simu mkalimani wa Kichina. Nikaongea mpaka nikamaliza, mara ya kwanza tangu nije nchi hii. Upasuaji nitafanyiwa.

Tulipofika kituo cha basi, Baba Neema akanigeukia.

"Mama Neema, umeniaibisha."

"Umenisemea nisichokisema."

Akageuzia uso barabarani. "Nikibaki peke yangu na mtoto, je?"

Basi likaja, tukapanda.

Sasa yeye yuko sebuleni, mimi chumbani. Nimepata nilichokitaka. Lakini bila yeye siwezi hata kumjibu mwenye nyumba akigonga.

Kesho nitamwomba anisindikize siku ya upasuaji, anishike mkono tu. Kusema nitasema mwenyewe, hata kwa makosa.

Atakubali kukaa kimya?