Kilivonia Nacho Kina Kwao

Mume wangu Deo,

Marahaba. Huku Kasulo hatujambo, babu yako anavuna maharage. Unauliza uwajibu nini wanaosema Kilivonia unachokitafiti huko Estonia ni Kiestonia kilichoharibika tu.

Nilipoolewa hapa kutoka Biharamulo, mawifi walikicheka Kisubi changu, wakakiita Kihangaza cha hapa kilichoharibika. Nikawa mtu wa kunyamaza. Jioni moja mama mkwe akaniambia mbele yao, “Mwanangu, tusimulie hadithi ya kwenu, kwa maneno ya kwenu.” Nikasimulia. Mengi waliyaelewa. Ghafla wifi mkubwa akanikatiza: “Hilo neno sisi hatuna! Lirudie.”

Nililirudia kwa sauti, kichwa juu.

Jumapili nilitangaza kanisani kwamba mjukuu wangu anatafiti lugha ambayo waliozaliwa nayo wamekwisha. Walipiga vigelegele hadi nikashindwa kuendelea.

Bibi yako, Restuta