Mpigaji Mkubwa wa Ghala Namba Tatu

Ijumaa, 6 Machi 2015
Asubuhi uwanjani tena, nyuma ya maghala ya Jebel Ali, Dubai. Vumbi tupu. Sir, meneja wetu Mmarekani, kaja na kitabu chake cha picha: wapigaji wakubwa wa besiboli, enzi mchezo unaanza kuwa kazi ya kulipwa. Masharubu. Magongo mazito kama mchi. Anasema mpira ulikuwa mmoja mechi nzima, mchafu, umelainika, na bado waliupeleka nje ya uwanja.

Mwinyi, mwenzangu wa chumba, hachoki na zile picha. Siku ya kwanza alipoambiwa ashike gongo alidhani ni ile pombe haramu, akasema, "Astaghfirullah, mie sinywi." Leo kapiga mitatu ikavuka uzio. Sir kaahidi kumtoa kwenye kubeba mizigo, awe karani. Jamaa kakaribia kulia.

Nimeweka picha yake kwenye grupu la Waswahili wa kazini: "Huyu ndiye mpigaji mkubwa, ghala namba tatu. Kila Ijumaa anapiga, hakuna wa kumdaka." Na vicheko vitatu, vile vya vikaragosi. Kwetu Bongo mpigaji ni mtu anayeiba kazini. Nilijua. Ndiyo raha ya utani.

Jumapili, 8 Machi
Katoni sita za simu hazionekani. Foklifti zimesimamishwa.

Mlinzi mkuu mpya ni Mbongo mwenzetu, wa Mwanza. Yumo kwenye grupu. Ijumaa wote walicheka, yeye hakuandika kitu. Leo kapita mezani kwangu mara mbili. Sipendi.

Jumatatu, 9 Machi
Walinzi wamefungua kabati la Mwinyi. Sabuni, msala, gongo. Basi. Wakamwita ofisini. Katoka macho mekundu.

"Wananiuliza kila Ijumaa napiga nini. Nawambia napiga mpira, wanantazama tu."

Hajui. Simu yake ni ya tochi, grupu halioni. Nimefuta ule ujumbe kwangu. Kwenye simu za wenzangu upo.

Jumanne, 10 Machi
Kwenye metro kutoka Deira nimepanga Kiingereza changu chote: sir, ulikuwa utani. Nikafika mlangoni kwake. Nikarudi. Mimi ndiye ninayeandikisha mzigo unaoingia. Nikisema nilijua maana ya lile neno, wataniuliza ninajua nini kingine.

Mwoga mimi. Naliandika hivyo hivyo. Mwoga.

Jumatano, 11 Machi
Nimeingia. Mlinzi alikuwemo. Nikaeleza: mpigaji wa mpira, kama wale wa kitabuni. Mlinzi akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Na vicheko je?"

Nikamgeukia Sir.

Sir hakuinua macho. "Khalas, yamekwisha. Mwinyi ameshasaini karatasi za kuondoka." Viza imefutwa jana jioni. Jana! Ningeingia jana asubuhi.

Alhamisi, 12 Machi
Mwinyi kafunga begi chumbani kwetu Al Muraqqabat, hapa Deira. Gongo kaniachia mimi, eti nimshikie nafasi.

"Kuna mtu kanchongea," kasema. "Nkimjua simsamehe, wallahi."

Zipu ilikwama. Nikamsaidia kuifunga. Nimejichukia kuliko siku zote.

Jumanne, 17 Machi
Katoni zimeonekana. Sita zote, rafu ya juu, nyuma ya mzigo wa majiko. Zilipangwa pasipo pake tangu zilipoingia. Sir kasema vizuri, yalla, twendeni kazini. Jina la Mwinyi hakuna aliyelitaja, hata mimi. Mlinzi kanitazama, kisha kaangalia viatu vyake.

Ijumaa, 20 Machi
Hatukucheza. Sir hakuja. Nimekaa kitandani, gongo liko ukutani, bado lina vumbi la mikono yake.

Saa tano ujumbe wa Mwinyi kutoka kwao Unguja. Anauliza: "Leo nani kapiga?"

Nikajibu: "Mimi."

Kajibu hapo hapo: "Hongera, ndugu yangu."