Vijiti Vinne vya Kituo cha Nne

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Bweri hatujambo, babu yako anatembea tena bila fimbo.

Unauliza kwa nini saa ya shuleni kwenu ina IIII, na mwalimu anataka IV. Zote ni nne, mama. Watu wa zamani waliandika hivi na hivi.

Nilipokuwa msichana kule Butiama, baba yangu, fundi seremala, alichonga namba kwenye vibao vya Njia ya Msalaba kanisani. Kituo cha nne, Yesu anapokutana na mama yake, alichonga vijiti vinne. Bibi yangu alikuwa haoni. Alikuwaga anapapasa vibao mwenyewe, akihesabu vijiti, na kwenye vinne anapiga magoti. Alikuwa amezika mwana.

Katekista mpya akasema yale ni makosa. Baba akakipiga randa kibao, vijiti vikafutika, akachonga IV. Ijumaa iliyofuata bibi alipapasa, akasimama.

“Mama yake Yesu mmempeleka wapi?”

Laiti mmoja wetu angejua kwamba hapakuwa na kosa. Wewe andika IV, upate maksi zako. Bibi yangu, tangu siku ile, alingoja mtu amshike mkono.

Nakuombea,
Bibi yako