Kadi Mbili za Mtoto wa Malolo

Jumatatu, 6 Agosti 2007
Bado napanga kwenye kompyuta kadi za watoto wanaolipiwa karo na wafadhili. Mkuu wa ofisi anataka zisimame ubavu kwa ubavu, kila mtoto na safu yake, unavuta kwenda kulia. Kioo kinaonyesha nne tu. Nikifika kwa watoto wa Mbwemkuru, wa Malolo wameshapotelea kushoto. Macho yanauma. Adhuhuri nimeiswali kwa kuchelewa. Mungu anisamehe.

Jumatano, 8 Agosti 2007
Leo nimezipanga kwa jina la mama. Safu mbili zikakaa pamoja: Tabu na Zainabu. Mama mmoja, wa Malolo. Mwaka wa kuzaliwa mmoja. Moyo ukashtuka. Ni mtoto yule yule. Alitoka unyagoni na jina jipya, mtu wetu wa vijijini akamwandika kama mtoto mwingine. Mfadhili anamjua Tabu, na kwenye ripoti Tabu haonekani tangu mwaka jana. Mwezi huu ukiisha hivi hivi, karo yake ya sekondari inakatwa.

Mkuu kasema ni rahisi. Ibaki kadi moja, jina Tabu, mama yake atie saini kwamba ndiye.

Rahisi kwake. Yeye si wa huku.

Alhamisi, 9 Agosti 2007
Nimepanda lori hadi Malolo. Mama Zainabu kanisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika.

"Jina hilo tuliliacha unyagoni, dada. Ukimwita nalo unamtukana. Wewe si Mmwera mwenzetu?"

Ni Mmwera. Jina langu la utoto hata humu daftarini siliandiki.

Nikamwambia wazi kwamba shule itakatika. Kaendelea kupeta mtama. Saini hakutia. Sikumlazimisha. Binti kanisindikiza hadi barabarani, njia nzima ananieleza hesabu za kidato cha kwanza. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 10 Agosti 2007
Nimemwomba mkuu amwandikie mfadhili kwamba mtoto ni huyo huyo. Kacheka kidogo.

"Bila saini siandiki, mama. Tabu hayupo. Futa."

Nimefuta kwa mkono wangu. Safu za kulia zikasogea, zikaziba pengo. Kama hapakuwa na mtu. Nimeswali, moyo haukuwepo.

Jumapili, 12 Agosti 2007
Mama Zainabu kanitumia kunde kwa watu waliokuja sokoni. Na salamu: ahsante kwa kumstahi binti. Msimu ujao watalima wote wawili, yeye na binti.

Nimezichemsha tangu asubuhi. Zimeiva. Nimekaa nazo tu, zinapoa.