Alama za Sururu

Jumapili, Njiro. Wingu zito, mlima haujaonekana tangu asubuhi.

Kanisani sijaenda. Nitamwangalia nani usoni?

Niseme tu. Wiki iliyopita shirika letu lilinituma kijijini Akheri kuandikisha watu ambao nyumba zao ziliharibiwa na mvua. Fomu ina visanduku viwili: imeanguka, haijaanguka. Kulikuwa na cha tatu, "imepata nyufa", wafadhili wakakitoa. Bosi alituambia bila aibu kwamba ufa hautoki vizuri kwenye picha, na kule kwao bila picha hakuna msaada. Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Basi nikafika kwa Babu Anaeli, mkulima wa kahawa na migomba, anaishi na mkewe tu. Ukuta wa nyuma umepasuka juu hadi chini, mkono unapita. Nikamwambia ufa haumo kwenye fomu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, sasa afanyeje. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, nikaropoka: "Babu, ingekuwa imeanguka ningekuandika sasa hivi."

Akasema, "Haya mwanangu, nimekusikia."

Jamani, mimi nilidhani ananiaga!

Jana nimerudi kuhakiki. Nyumba iko chini. Bibi amehamia kwa jirani na godoro lake, shikamoo yangu aliiitikia kwa shida. Babu alikuwa amesimama kando ya kifusi, ananichekea, ana furaha kweli. "Mwanangu, sasa niandike." Kwenye matofali ya udongo kulikuwa na alama za sururu, mbichi kabisa, na wala hakujisumbua kuzificha.

Nikamwandika. Mstari mmoja nikauacha wazi.

Kesho wanakuja wakaguzi wa wafadhili, nyumba kwa nyumba. Wakijua mzee kabomoa mwenyewe watamfuta, na wataita udanganyifu. Wazee wale watakuwa wamekosa mabati mapya ya msaada, na hata ile nyumba yenye ufa hawana tena. Mvua nayo haijaisha. Bosi nilimweleza jana jioni, leo kanipigia mchana: "Mtoe huyo kabla hawajafika, usituletee kesi." Nikamjibu sawa, kama kawaida yangu.

Nimewakasirikia wafadhili, nimemkasirikia bosi, lakini hasira zikipoa nabaki na huu mdomo wangu.

Ule mstari nilioacha wazi unauliza chanzo cha nyumba kuanguka. Nimeukodolea macho tangu saa nane. Mzee sijamtoa. Nimeandika mvua. Bila mvua ile asingegusa sururu, kwa hiyo sijioni mwongo sana.

Kidogo tu.

Na kesho wakiniuliza hizi alama kwenye matofali ni za nani, nitawaambia ni zangu.